Kicheko cha Mwenye Eda

Mke wa marehemu alicheka. Si kutabasamu, si kuguna puani. Alicheka kicheko kizima, cha kutoka tumboni, kikavuka ua wa makuti kikaingia kwa jirani, na huku eda yake bado ina zaidi ya mwezi mzima mbele. Jamani, Dunda yetu hapa Bagamoyo imeona mengi, lakini hilo ilikuwa haijaliona.

Kuruthumu, dada wa marehemu, alikuwa amerudi kujinyoosha baada ya sala ya alfajiri. Kwanza alidhani ni redio ya jirani. Kicheko kilipokuja mara ya pili alikaa kitako kitandani, akatega sikio, akasikia kinatoka uani kwao. Aliondoka hata kandambili hakuvaa. Akaufungua mlango wa uani taratibu, akapigwa na butwaa.

Wifi yake Ashatu alikuwa amekaa chini, kitako kabisa, katikati ya tuta la mchicha. Nguo nyeupe za eda amezipandisha mpaka magotini, mtandio umemwangukia mabegani, nywele ziko nje, miguu yote tope. Mkononi ameshika ndago, lile gugu linalowaudhi wakulima wote wa pwani, limetoka na mzizi wake mrefu na viazi vyake vyeusi vinaning'inia. Naye anacheka peke yake mpaka machozi yanamtoka.

Mkono wa Kuruthumu ulikwenda kwenye simu kabla mdomo haujapata la kusema. Ndivyo tulivyo siku hizi, nyumba ikiungua tunapiga picha kwanza. Alirekodi mpaka Ashatu alipojifuta macho kwa kiganja chenye matope, ndipo akapata sauti.

"Wifi!"

Ashatu aligeuka, uso bado umejaa kicheko. "Wifi, njoo uone maajabu. Nimeivuta hii ndago, naona haiishi tu. Nikavuta, nikavuta, ikachomoka yote, nikaenda chini puu! Kama gunia la mihogo."

"Unacheka?"

"Si nimeanguka."

"Nakuuliza, Ashatu, unacheka? Una eda wewe! Kaka yangu yuko kaburini, wewe umekaa nje kichwa wazi, mapaja wazi, unacheka na majani?"

Kicheko kilimtoka Ashatu usoni. Tangu aolewe na Mohamedi, wifi huyu hakuwahi kumwita jina lake tupu. Alijifunika kichwa haraka haraka, akateremsha nguo, akaanza kuinuka.

"Nisamehe, wifi. Nilikuwa napalilia tu, nilijua bado mmelala."

"Kumbe siku zote! Kumbe ni wewe! Mimi najua bustani ya mwanao Shufaa hii." Kuruthumu alishika kiuno, akaitazama miche iliyojipanga, bamia zenye maua ya manjano, matembele yaliyotambaa mpaka ukutani. "Hujui kwamba mwenye eda hashiki udongo? Kwetu Miono kila mtu analijua hili. Mwanamke mwenye eda akichimba, anamfukua mumewe. Huko aliko kaka yangu hana raha. Kila ukitia kidole hapo, unamchokonoa yeye!"

Ashatu aliutoa mkono udongoni kama aliyeguswa na kaa la moto. Alizitazama kucha zake moja baada ya nyingine. Hakuwahi kulisikia jambo hilo, lakini lilimwingia mwili mzima. Alimwosha Mohamedi, alimlisha, alimgeuza ubavu huu na ule miaka mitatu ya kiharusi. Leo aambiwe anamchokonoa kaburini?

"Wallahi sikujua," alisema.

"Hukujua, eti! Na kucheka je, nako hukujua?"

Ng'ambo ya ua, makuti yaliguswa. Chausiku, jirani yao, alikohoa kikohozi cha mtu anayejisingizia hayupo. Kuruthumu alimshika wifi yake mkono, akamwingiza ndani, akakomea mlango.

Tusimwonee Kuruthumu. Mshtuko wake ulikuwa wa kweli. Alimpenda kaka yake, hata kama miaka ile mitatu ya ugonjwa alikuja Idi moja tu, akakaa mchana, akarudi na gari la jioni. Kifo kilipotokea, ukoo ulimchagua yeye aje Bagamoyo amlinde wifi yake, naye aliishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Alimkataza Ashatu kioo. Alimkataza kumwitikia muuza samaki kwa sauti, wasije wanaume wakaisikia. Alimkataza redio. Na usiku, chakula kikija, aliyala matembele kwa nazi mpaka akakomba sufuria, akamsifu Shufaa kwamba ana mkono wa kulima kama watu wa Miono.

Na Ashatu naye hakuwa mkulima. Bustani ilimwanza, si yeye aliyeianza. Maji aliyokuwa akimwogeshea mumewe alikuwa akiyamwaga uani, na baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, alitoka alfajiri moja kwenda msalani akaona mchicha umejiotea pale pale penye maji, umesongwa na ndago. Aliing'oa ndago moja kwa sababu ilikuwa karibu na mguu. Ikatoka. Akang'oa nyingine, nayo ikatoka. Kuna kitu kikamfanya kifua kiwe chepesi, akaona haya nacho, akakimbilia ndani.

Kesho yake alirudi. Chausiku akampenyezea vipande vya matembele kwenye ua, akampa na mbegu za bamia zilizofungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Ashatu alitoboa kopo la maziwa kwa msumari likawa la kumwagilia. Alijifunza kupunguza miche ili iliyobaki inenepe, kugeuza majani akatafuta viwavi, kuusogeza udongo mguuni pa mche kama anayemfunika mtoto shuka. Alipenda harufu ya majani mikononi. Kuliko yote alipenda kwamba kazi ile inaonekana. Miaka mitatu alimhudumia mtu kwa roho moja na kila asubuhi akamkuta palepale au chini zaidi. Hapa unamwagilia jioni, asubuhi jani limesimama. Nani asingefurahi?

*

Shufaa, binti yao, anafundisha chekechea si mbali na sokoni. Saa ya uji, watoto wakiwa wamekaa mkekani na vikombe vyao, simu yake ilianza kutetemeka na haikunyamaza. Lilikuwa grupu la ukoo, lile la watu wa Miono na Mkange, linaloamka tu kukiwa na harusi au msiba. Akalifungua, akamwona mama yake.

Aliona magoti ya mama yake. Aliona nywele za mama yake, ambazo hata yeye huziona siku ya kusuka tu. Akamsikia anacheka, na ndani ya simu ile kile kicheko kilikuwa kama cha mtu aliyelewa. Chini yake Kuruthumu alikuwa ameandika: "Ndugu zangu, mke wa marehemu kaka yetu huyo, ndani ya eda. Mimi nimechoka, semeni wenyewe."

Nao walisema. "La haula!" "Makubwa haya!" "Marehemu alikuwa na mitihani kumbe." Mmoja alituma vikatuni vya kulia mpaka vikajaza kioo. Shufaa aliteremka kwa kidole, akateremka. Halafu akafika kwenye maneno ya mwanamume mmoja, ndugu kabisa: "Kumbe mjane wetu bado mbichi!" Na chini ya maneno hayo, watu saba wameweka alama ya kucheka.

"Mwalimu, uji wangu una nzi," mtoto mmoja alisema.

Shufaa hakumsikia. Alimwomba mwenzake amshikie darasa, akatoka nje, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona. Dereva alimtazama kwenye kioo cha pembeni, akamtazama tena.

"Dada, samahani," alisema walipokaribia nyumbani. "Yule mama wa ile klipu ya kucheka si wa mtaa wenu?"

Shufaa alimshika bega asimame. Alishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

*

"Nimetuma kwa ukoo," Kuruthumu alisema. "Sikutuma kwa watu."

"Shangazi, ukoo si watu? Mle mna wanaume wangapi?"

"Ni ndugu zake."

"Ni mashemeji zake! Si maharimu zake hata mmoja, wote wanaweza kumwoa. Wewe ndiye uliyemkataza mama kuitikia hodi. Wewe ndiye uliyesema sauti yake isisikike. Leo umewapelekea magoti yake na nywele zake mkononi, wakalale nayo!"

Kuruthumu aliitazama simu yake. Hilo halikuwa limemjia akilini kabisa. Naapa halikuwa limemjia. Alikuwa ameona kosa, akataka wakubwa walione, na simu ilikuwa karibu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaigeuza simu uso chini mapajani.

"Nilitaka waone alichofanya," alisema kwa sauti ndogo. "Kosa ni lake. Mimi nimeonyesha tu."

Ashatu alikuwa mlangoni mwa chumba, ameshika fremu. "Nionyeshe, Shufaa."

"Mama, achana nayo."

"Walioniona wote wameniona. Nami nijione."

Shufaa alimpa simu huku ametazama pembeni. Ashatu alitazama mwanzo hadi mwisho, akaweka mkono mdomoni. Alishtuka, ndiyo, magoti yale na tope lile vilimtia aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini kilichomtoa pumzi kilikuwa uso. Hakujua kwamba uso wake bado unaweza kufanya vile. Alikuwa ameshazoea kuwa mtu wa kunong'ona, wa kukanyaga pole pole mgonjwa asiamke, na hapo kwenye simu kulikuwa na mwanamke mnene mwenye matope, anacheka kama msichana aliyeanguka bembeani.

"Huyu ni mimi?" aliuliza.

Akabonyeza tena, akatazama mara ya pili.

Kabla haijaisha, ikaingia kwenye grupu sauti ya Mwinyijuma, kaka mkubwa wa marehemu. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Shufaa akaifungua wote wakaisikia. "Kuruthumu, asalaam alaykum. Jambo tumeliona. Kesho asubuhi nakuja na gari. Mfungashie vitu vyake. Eda iliyobaki ataimalizia Miono, mbele ya macho yetu. Na huko hakuna bustani."

Ashatu alikaa chini mkekani. Kwa Mwinyijuma alikujua. Kuna chumba cha nyuma chenye dirisha dogo juu, ndicho angewekwa, na wake wa mashemeji wangepokezana mlangoni kumtazama kama analia vya kutosha. Na huku nyuma jua la Bagamoyo lingemaliza kila kitu siku tatu tu, mchanga wetu hauna subira. Alijikuta anawaza nani atazimwagilia bamia, na mawazo hayo yenyewe yakamtisha. Mume amemzika kwa utulivu, leo anatetemeka kwa ajili ya bamia? Ni mtu gani huyo?

"Mama, kataa," Shufaa alisema.

"Nikatae vipi, mwanangu? Ni wakubwa zako."

Jioni hiyo Kuruthumu alinunua kufuli, akalitia mlango wa uani. Ashatu alipobanwa na haja alilazimika kuomba ufunguo kama mtoto wa shule, na wifi yake alisimama nje ya msala akimsubiri. Walipopita kwenye matuta miche ilikuwa imelegea, siku nzima haikupata maji. Kopo lilikuwa juu ya paa la banda la kuku, mahali asipofika.

"Wifi, tone moja tu. Mwagilia wewe basi, si lazima mimi."

"Twende ndani."

Chakula cha usiku kilikuwa wali na matembele ya nazi. Kuruthumu alikula tonge mbili, tatu, kisha mkono ukasimama hewani. Shufaa alikuwa anamtazama.

"Kula, shangazi. Ndiyo hayo hayo aliyomfukulia baba."

Kuruthumu alisukuma sahani. Alimtazama paka. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na kitoweo kingine ndani ya nyumba ile, na njaa haina haya, akaivuta tena.

*

Mwinyijuma alifika jua likiwa limeshachomoza, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Alipiga hodi, akangoja mpaka Ashatu alipoingia chumbani na pazia likashushwa, ndipo akavua viatu. Alikuwa mtu wa adabu zake. Hata pazia lenyewe hakulitazama. Alikaa mkekani akaligeuzia mgongo, akasema na ukuta wa mbele.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Poleni."

"Tumeshapoa."

Shufaa alimletea chai, akabaki amesimama. Kuruthumu hakukaa. Alisema ana kazi kidogo uani, akatoka na ufunguo wake.

"Shemeji," Mwinyijuma alianza, "mimi sikuja kugombana. Mohamedi alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Huko kwetu watu wanasema. Nikienda msikitini wananyamaza. Sasa nimeona uje nyumbani, ukae na wanawake wenzio, umalize eda kwa heshima. Gari ipo nje."

Pazia lilitikisika kidogo kwa pumzi ya mtu aliye karibu nalo.

"Shemeji, nilifundishwa katika chuo cha Kurani, nikiwa mdogo, kwamba mwenye eda hatolewi kwenye nyumba aliyofiwa na mumewe," Ashatu alisema. "Atakaa humo mpaka imalizike, ila kwa dharura. Nimesahau mengi, lakini hili nalikumbuka. Au nimekosea?"

Mwinyijuma alikohoa. Alijua hajakosea. Njia nzima kutoka Miono alikuwa akilijua hilo na kulisogeza pembeni.

"Ni kweli. Lakini umesema mwenyewe, ila kwa dharura."

"Dharura yenyewe ipi, shemeji? Ndago?"

Shufaa alibana midomo. Mwinyijuma alikunywa chai ambayo ilikuwa bado ya moto mno, akaungua ulimi, akavumilia.

"Usifanye mzaha. Umecheka hadharani..."

"Nilicheka uani kwangu. Hadharani nimepelekwa."

Hapo ndipo wote waliposikia. Nje, nyuma ya nyumba, kitu kilipiga ardhi. Kikapiga tena. Ashatu alijua ni nini kabla hajajiuliza. Mtu aliyekaa na udongo ule alfajiri zote zile anajua jembe likiingia ndani yake.

"Nani analima?" aliuliza.

Jembe likapiga tena, na safari hii kukasikika kitu kinachanika.

"Nani analima uani kwangu? Shufaa!"

"Shangazi..." Shufaa alisema, ameshakimbilia mlangoni.

"Shemeji, natoka."

"Usitoke!" Mwinyijuma aliinua mikono yote miwili, bado ameukabili ukuta. "Usitoke, nipo mimi hapa! Ngoja niondoke kwanza!"

"Uondoke uende wapi? Umeshaniona, shemeji. Wewe na Miono nzima na Mkange. Hili pazia tunamwekea nani?"

Akalivuta. Pete za pazia zililia kwenye waya, na mwenye eda akapita katikati ya chumba, nguo nyeupe inagusa goti la kanzu. Mwinyijuma alijifunika uso kwa kofia yake. Katika umri wake wote hakuwahi kuona, wala kusikia, jambo la namna ile.

*

Kuruthumu, aliyeanza kwa mikono kimya kimya kabla ya kushika jembe, alikuwa ameshamaliza tuta zima la bamia. Zilikuwa zimelala na maua yao, nyingine zimekatwa katikati. Matembele yalikuwa yamekusanywa rundo moja kama takataka ya kuchomwa. Alikuwa anapiga jembe na huku analia, kamasi zinamtoka, hajifuti.

"Namwondolea kaka yangu mzigo!" alipiga kelele alipomwona Ashatu. "Alale! Mwache alale!"

Ashatu alisimama mlangoni. Alitazama bamia moja baada ya nyingine, akahisi maumivu ambayo hakuyahisi hata siku jeneza lilipotoka mlango wa mbele, na maumivu hayo yakamfanya akasirike, na hasira ikampa sauti.

"Wifi. Mke akichimba anamfukua mumewe. Mimi nilichimba kwa vidole."

Jembe lilikuwa juu. Lilibaki juu.

"Dada akichimba kwa jembe je?"

Kuruthumu alitazama chini. Mbele ya miguu yake palikuwa na shimo, kubwa, pana, refu, alilolichimba mwenyewe, na udongo wake uko pembeni umeinuka. Jembe lilimtoka mkononi likaanguka, naye akarudi nyuma, nyuma, mpaka mgongo ukagonga banda la kuku. "Mama yangu," alisema. "Mama yangu mimi."

Mwinyijuma alikuwa amefika mlangoni kwa kuupapasa ukuta. Alisimama amewapa mgongo. "Shemeji, umerukwa na akili?"

"Nilikuwa karibu kurukwa nayo," Ashatu alisema. "Ndani ya chumba kile, baada ya Mohamedi. Mikono yangu ilikuwa haijui ifanye nini. Naamka saa ya kumgeuza, hayupo wa kugeuzwa. Hapa nilipata kazi. Nimefurahi, shemeji, sikufichi. Nang'oa majani nafurahi. Namwagilia nafurahi. Kama ni dhambi ya mwenye eda kufurahi na mchicha, nitamjibu Mungu mwenyewe, sitamjibu mtu aliyeniona kwenye simu."

Mwinyijuma huko Miono analima mananasi na mihogo, na alipogeuka kidogo, kidogo tu, kumkwepa shemeji yake, macho yakamwangukia bamia iliyong'olewa na maua. Akaguna kama aliyekanyagwa.

"Kuruthumu. Umeng'oa mmea wenye maua?"

"Kaka, mimi..."

"Ile klipu ifute. Sasa hivi."

"Nimeifuta jana, kaka. Usiku."

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha, baba mkubwa," Shufaa alisema. "Bodaboda wanayo. Sokoni wanayo. Na mle kwenye grupu kuna mtu aliandika kwamba mama bado mbichi. Uliyasoma?"

Kofia ilianza kuzunguka mikononi mwa Mwinyijuma. Aliyasoma. Aliyasoma akayapita, kwa sababu hasira yake yote ilikuwa upande mmoja.

"Uliona nani kaandika?"

"Sikutazama jina."

"Ni Yunus."

Mwinyijuma aligeuka mzima mzima, akasahau eda, akasahau pazia, akamtazama binti yule usoni. Yunus ni mwanawe. Ndiye anayemshikia mkono kwenda msikitini. Akaitoa simu mfukoni, akaitafuta ile sehemu, akaipata, akasoma. Kisha akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana mzee.

"Mke wa mdogo wangu," alisema. "Ndani ya eda yake."

Alivaa kofia, akaivua, akavaa tena.

"Shemeji, mimi narudi na gari yangu. Wewe kaa nyumbani kwako. Kuruthumu, chukua mfuko wako, twende." Akasita. "Na huyo Yunus... huyo niachieni mimi."

Alipita ndani upesi, bila kuaga, bila kumaliza chai. Kuruthumu alimfuata akipita mbali na lile shimo, macho hayabanduki hapo.

Ashatu alikuwa ameshapiga magoti. Alichambua rundo la matembele, vipande vyenye vifundo akaviweka upande mmoja, vilivyopondeka upande mwingine. Bamia alizijaribu, akazisimamisha, zikaanguka, akaziacha. Nje ya ua watu walikuwa wamekuja. Kelele za Kuruthumu zilikuwa zimewatoa majumbani, na sasa makuti yalikuwa yanafunuliwa hapa na pale, macho yanachungulia, na kwenye tundu moja mtu alikuwa ameshapenyeza simu.

"Mama," Shufaa alinong'ona. "Watu wanakutazama. Wanarekodi. Ingia ndani, Mama, nakuomba."

Ashatu hakuinua kichwa. Alichimba kishimo kwa kidole cha shahada, akatia kipande cha tembele, akakikandamiza kwa viganja viwili.

"Waache watazame. Panda hapo bandani uniletee kopo langu, jua linapanda."